Mfuko wa Upepo wa Mama Orpa

Hosea Mandowen hakuwa mtu wa kukaa kitako. Ofisini walimnunulia kiti kizuri chenye magurudumu, akawa anakisukuma huku na huku mpaka wenzake wakamwomba asimame tu, sakafu ipumzike. Miaka kumi na minne alirusha ndege ndogo kwenye milima ya Papua, goti likamharibikia, akahamia kazi ya kuchunguza ajali za wenzake. Mkewe alizoea kusema kwamba hata mumewe akilala, miguu yake inaendelea na safari.

Asubuhi ile, ndani ya helikopta, alikuwa ameshafungua na kufunga mkoba wake mara saba.

"Mzee Hosea," rubani akamwambia, "hiyo zipu ikifa, ajali yake utaichunguza mwenyewe."

Rubani aliitwa Kadek, kijana wa Bali mwenye maneno mengi na mkono uliotulia kwenye usukani.

"Wewe tazama mbele."

"Natazama. Na ninachokiona ni kwamba saa nne kamili naondoka Sobalik, uwe ndani au unaning'inia nje. Mawingu ya bonde lile hayana adabu. Yakishafunga mlango hata ukibisha hodi hayakufungulii."

Basi alikuwa na muda wa saa tatu na nusu tu, na kilichokuwa kikimla roho ni hiki. Wiki tano nyuma, ndege ndogo ya injini moja ilipeleka Sobalik mabati ya zahanati na sanduku la chanjo. Ikatua saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, ikashindwa kusimama, ikagonga ukuta wa mlima mwisho wa uwanja. Muuguzi wa kijiji, Dolfina, aliyekaa kiti cha mbele kando ya rubani, alikufa palepale. Rubani mwenyewe, Rivo Pangalila, alivunjika nyonga. Injini ilikaguliwa ikaonekana nzima. Breki vilevile. Kifaa cha kurekodi safari kikaonyesha kwamba ndege iligusa ardhi ikiwa na kasi kubwa mno. Ofisini wakaona kazi imekwisha: kijana alikuwa na haraka. Mwenyekiti wa kamati ya ajali alitaka faili lifungwe Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Lakini Rivo, akiwa kitandani hospitalini, alimshika Hosea mkono akamwambia, "Baba, saa yangu ya kasi ilikuwa sawa kabisa, kama ulivyotufundisha. Na upepo haukuwapo. Mfuko wa upepo ulikuwa umelala kama shuka kwenye kamba." Ana miaka ishirini na minane tu, na kila aliyeingia wodini alimtazama kama muuaji. Hosea alikuwa ameshaona marubani waongo, tena wengi, na huyu hakufanana nao. Shida ni kwamba maneno yake hayakuingia kwenye hesabu. Kama saa ya rubani ilisema kasi ni ya kawaida, na ndege ikafika chini na kasi ya ziada, basi upepo ulikuwa unaisukuma mgongoni. Na kama upepo ulikuwapo, ule mfuko mrefu wa kitambaa juu ya nguzo ungejaa na kunyooka, hata mtoto angeuona. Kuna mtu au kitu kilikuwa kinadanganya, na ofisi ilishamchagua Rivo.

Uwanja wa Sobalik ni wa kupanda. Ndege hutua ikielekea mlimani na huruka ikielekea bondeni, na ukishashuka usawa wa paa la kanisa hakuna tena kubadili mawazo. Siku hiyo haukuwa wa kutua wala kuruka. Ukoo wa marehemu ulikuwa umechimbia miti katikati yake tangu siku ya mazishi, kuanzia juu mpaka chini, na kilichoweza kufika pale ni helikopta tu, kwenye kipande cha majani mbele ya kanisa.

Aliyewapokea alikuwa Isai Pahabol, mjomba wa marehemu, mtu mfupi aliyekunja mikono kifuani.

"Umerudi, mtu wa kisiwa cha Biak. Umeleta jina?"

"Habari za asubuhi, Baba Isai. Sijaleta jina. Ripoti yetu haiandiki mkosaji. Inaandika chanzo, ili wengine wasife."

Isai akawageukia wenzake, akacheka cheko kavu. "Mnamsikia? Kwetu hata nguruwe akifa, aliyemuua anajulikana. Mtoto wa dada yangu, aliyewazalisha wake zenu wote nyinyi mliosimama hapa, afe na kifo chake kikose mwenyewe? Watu wa ofisi mnajua kuandika jamani. Mnaandika mpaka maiti inapotea."

"Nipe mpaka saa nne, baba."

"Mimi sina saa, nina miti. Siku utakapolitamka jina la yule rubani kwa mdomo wako, ukoo wake ukaja na nguruwe wao tukakaa tukazungumza, nitaing'oa. Kabla ya hapo tutakula bila chumvi."

Na chumvi ilikuwa imekwisha kweli. Dawa nazo zilikuwa zimekwisha, na popoo zilikwisha kitambo. Hilo la popoo ndilo lililomuuma zaidi Otniel, mtu wa redio, aliyekaa kwenye kibanda chake juu ya uwanja na betri ya jua, redio, na ile mizani kubwa ya kupimia abiria na mizigo. Popoo hazioti huku juu kwenye baridi, huja kwa ndege, na tangu miti ichimbiwe meno ya Otniel yalikuwa yameanza kurudia rangi aliyozaliwa nayo.

"Baba, umenikumbuka?"

Hosea akamtupia mfuko wa popoo, na tambuu, na chokaa kwenye kichupa. Otniel akatafuna kwanza, macho ameyafumba. Mazungumzo yalisubiri.

"Haya, nieleze tena ile asubuhi."

"Nimeshakueleza mara nne."

"Ya tano ndiyo tamu."

"Saa mbili na nusu Rivo akaniita. Akauliza mawingu, nikamwambia mlango wa bonde uko wazi, naona mpaka maporomoko. Akauliza uwanja, nikamwambia umekauka na nguruwe wametolewa. Karibu saa tatu akaniita tena, yuko mlangoni mwa bonde, akauliza upepo. Nikatoka, nikatazama mfuko, nikamwambia hakuna. Basi."

"Ulitazama kweli?"

"Kwa macho yote mawili, baba. Ulikuwa umelala."

Mashahidi wawili, neno moja. Hosea akatoka kibandani kabla hajaalikwa kukaa. Akashuka uwanja mpaka chini akihesabu hatua, akapanda, akashuka tena kwa upande wa pili akipita kati ya miti, goti likimlaani. Alama za magurudumu zilikuwa zimeshaota majani. Akapiga magoti, akanusa udongo, sijui alitarajia kunusa nini. Saa moja ikapita, ikaja saa mbili. Hewa ilikuwa baridi na tulivu, na mfuko wa upepo juu ya nguzo yake, mwekundu na mweupe, ulining'inia bila wasiwasi.

Kadek alikuwa amekaa mlangoni mwa helikopta anakula kiazi kitamu cha kuchoma. "Mzee!" akapaza sauti. "Unapima uwanja au unatafuta mchumba?"

"Nyamaza, Kadek."

"Nauliza tu. Maana wasichana hapa wanasema yule mzee kiguru kinamwasha."

Hosea alikuwa anamwona Rivo akisomewa barua ya kufutiwa leseni, mtu ambaye hawezi hata kuinuka kitandani akaipokea kwa miguu yake. Tena alijua kwamba hakuwa na chochote mkononi cha kuizuia.

Ilipofika saa mbili na nusu, jua likaupiga upande wa pili wa bonde. Hosea alikuwa karibu na ukuta wa mlima anaandika, ukurasa wa daftari lake ukajifunua wenyewe. Kisha kofia ikamtoka kichwani ikaanza kubingirika kuelekea mlimani. Akaikimbilia akichechemea, akaikanyaga, akainuka. Akaona moshi wa majiko ukitoka kwenye mapaa ya nyasi na kulala wote upande mmoja, kuelekea mlimani. Akageuka akatazama mfuko wa upepo.

Ulikuwa umelala. Pale juu ya nguzo, mahali ambapo upepo ni mkali kuliko chini, ulikuwa umelala kama shuka kwenye kamba.

Hosea akasimama. Kadek alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa, maana hajawahi kumwona mzee yule amesimama bila kutikisa hata kidole.

Kisha akaenda kibandani mbio. "Otniel! Toka nje. Unasikia nini mwilini?"

"Upepo."

"Unatoka wapi?"

"Bondeni. Huja kila siku saa hizi, kukiwa na jua."

"Na asubuhi ya ajali ulikuwapo?"

"Ulikuwapo, tena wa kupeperusha majani."

"Na ukamwambia Rivo haupo!"

Otniel akamshangaa, shavu limejaa tambuu. "Baba, si ni wewe? Ulituita mjini watu wa redio ishirini, ukagonga meza, ukasema ngozi inadanganya. Msimwambie rubani mnachokisikia kwenye ngozi, mwambieni mfuko unasema nini. Nami tangu siku ile sijakiuka hata mara moja. Mfuko ulisema hakuna."

Hosea aliikumbuka meza. Alikumbuka hata alivyojisikia vizuri kuigonga. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Uteremshe," akasema.

Otniel akalegeza kamba, mfuko ukashuka na kutua kwenye majani kwa kishindo. Mfuko wa upepo hauna kishindo. Unaotoka mjini unaweza kuukunja ukautia mfukoni mwa koti. Huu, nje ulikuwa turubai, katikati gunia la mchele, ndani gunia jingine, zote tatu zimeshonwa kwa kamba ya magome inayosokotwa na wanawake wa milimani kwa ajili ya vikapu vyao vya kubebea kichwani, mshono juu ya mshono, mdomo umekazwa kwa ufito. Ilikuwa kazi ya mikono iliyojua kinachofanya. Wakaubeba mpaka kwenye mizani. Kilo nne na nusu. Wa kawaida haufiki kilo moja.

"Nani ameushona?"

Otniel akatema tambuu nje ya mlango kwanza. "Mama Orpa. Mama yake Dolfina."

Naye Mama Orpa alikuwa anakuja. Alikuwa na udongo wa msiba mikononi na kwenye paji la uso, na kikapu cha viazi vya moto kikining'inia mgongoni kutoka kichwani, maana mgeni ni mgeni hata kama amekuja na habari za kifo. Akaona mfuko wake umewekwa juu ya mizani. Hakukasirika, akatabasamu.

"Mmeuteremsha? Msiuache kwenye umande. Mimi kila jioni nauingiza kanisani, kila asubuhi naupandisha. Hata sasa, na miti yao pale uwanjani, naupandisha." Akamkabidhi Hosea kiazi. "Kula, baba. Umekonda kuliko mara ile."

"Mama, umeushona lini?"

"Mwaka juzi. Ile ya mjini ilikuwa inachanika kila baada ya miezi minne, na ikichanika ndege haitui. Marubani wote wanasema hivyo: hakuna mfuko, hakuna kutua. Mwaka juzi ukachanika, na huku mke wa Yunas mtoto amemkalia vibaya. Tukaomba ndege siku sita, Otniel shahidi. Siku ya saba tukamzika. Dolfina akarudi nyumbani, akakaa karibu na moto, hajanawa hata mikono. Akaniambia, Mama, nishonee mfuko usiochanika." Akaupapasa mshono kwa kidole gumba. "Nikashona. Jua na mvua, bado uko vilevile."

"Ni kazi nzuri, Mama," Hosea akasema.

Hapo akafanya uamuzi, tena upesi. Ataandika kwamba upepo ulikuwapo na kifaa cha uwanjani hakikuuonyesha, kibadilishwe. Maneno hayo yangetosha kumwokoa Rivo, na jina halitakiwi. Isai ataambiwa ni kifaa tu. Huyu mama ataendelea kuulaumu mlima, au mawingu, au Mungu, wote wenye vifua vipana kuliko chake. Nani angefaidika kwa kumwambia? Hosea akajiona mtu mwema. Akakaa juu ya gunia, akala kiazi chake, akatulia dakika mbili nzima.

"Hata wenzetu wameusifu," Mama Orpa akaendelea. "Nimewashonea sita."

"Sita nini, Mama?"

"Mifuko. Dolfina aliipeleka mwenyewe akienda kuchanja watoto. Lomdak, Hulesi, Werimo, Tangeya, Sukubik, Naltalu. Wa Naltalu ndio mzuri zaidi, nilikuwa nimeshazoea mkono."

Hosea akatazama saa. Saa tatu kasoro robo. Ni saa hizo ndege za asubuhi zinapokuwa angani, na upepo wa bondeni hauamki Sobalik peke yake. Akatoka mpaka mlangoni akaita, "Kadek! Washa redio yako, waite marubani wote unaoweza kuwapata. Mwambie kila mtu asiuamini mfuko wa upepo Lomdak, Hulesi, Werimo, Tangeya, Sukubik wala Naltalu!"

Kadek, mdomo umejaa kiazi, hakufanya mzaha hata mmoja. Aliita kwa muda. "Nimempata mmoja tu," akapaza sauti. "Wawili wengine wako nyuma ya mlima, hawanisikii."

Otniel alikuwa ameshaiwasha redio ya kijiji. Akaita Lomdak, akawaambia wauteremshe mfuko wao.

"Tuuteremshe kwa nini?" sauti ikajibu. "Leo tuna ndege ya mafuta ya taa. Hakuna mfuko, hakuna kutua."

Hosea akamnyang'anya kipaza sauti. "Hapa ni Hosea Mandowen, wa kamati ya ajali. Teremsheni sasa hivi."

"Hosea yupi? Yule rubani aliyekuwa anazunguka juu yetu halafu anarudi na chumvi yetu kwa sababu mfuko una tundu?"

"Ndiye mimi."

"Tunakukumbuka, baba. Mfuko unabaki."

Hulesi walikuwa wapole zaidi, ila jibu likawa lilelile. Mfuko ule ni zawadi ya Mama Orpa, na mkono wa marehemu ndio uliouleta. Mtu wa kuushusha ni Mama Orpa mwenyewe, akisema.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hosea alitoka nje, akaenda hatua tano, akarudi nne. Mama Orpa alikuwa ameuchukua mfuko wake kutoka kwenye mizani, amekaa chini nao mapajani, anautoa vijiti na majani.

"Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kaa."

Akachuchumaa mbele yake, goti likalia. "Mama, mfuko wa upepo si kibali. Sisi ndio tuliowafanya muuone hivyo. Haukuwekwa pale ili ndege iruhusiwe kutua. Umewekwa ili upepo uuinue, rubani auone upepo. Ukiwa mzito upepo unapita, wenyewe umelala. Asubuhi ile upepo ulikuwapo, unaisukuma ndege kutoka nyuma. Rivo alitazama akaona umelala. Otniel alitazama akaona umelala."

Vidole vya Mama Orpa vikasimama.

"Unatakiwa uwe na uzito gani?"

"Kama shati langu hili. Si zaidi."

Akaushika mfuko kwa viganja viwili, akauinua kidogo, akaurudisha mapajani. "Niliweka tabaka tatu," akasema. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hatukuwaambia. Mimi mwenyewe nilipita hapa miaka kumi na minne nikisema hakuna mfuko hakuna kutua, na sikuwaeleza ni wa nini. Nilidhani mnajua. Hapana, sikudhani lolote. Nilikuwa na haraka."

Isai alikuwa amesogea, amesikia yote. "Dada, usimsikilize! Anataka kumtua rubani wake mzigo akutwike wewe."

"Isai," Mama Orpa akasema, bila kuinua sauti, "unausikia upepo huu?"

Upepo ulikuwa unapeperusha upindo wa sketi ya Mama Orpa na kulijaza shati la Isai mwenyewe mgongoni. Mfuko ulikuwa pale mapajani, mdomo wake umeelekea bondeni, na haukutikisika. Isai aliutazama muda mrefu. Alikuwa ametaka mwenye kifo kile kwa wiki tano, na sasa amempata ndani ya nyumba ya mama yake.

Hosea alitamani mama yule apige yowe. Hakupiga. "Ndege ngapi ziko angani?" mama akauliza.

"Mbili ambazo hatuzipati."

"Zina watu?"

"Ndiyo, Mama."

Akausukuma mfuko kando, akainuka. "Nionyesheni pa kusemea."

Hakuwahi kuishika redio maishani mwake. Otniel akamwonyesha kitufe, mama akakiminya kwa nguvu kama anayebana jeraha. "Hapa ni Orpa, mama yake Dolfina, Sobalik. Lomdak, mnanisikia?"

"Tunakusikia, Mama. Pole na msiba."

"Teremsheni ule mfuko niliowashonea. Ni mzito, upepo hauuinui, rubani anadanganyika. Wa hapa ndio uliomuua mwanangu, na mimi ndiye niliyeushona. Fungeni shati kuukuu kwenye nguzo. Rubani akiuliza upepo, mwambieni unavyowapiga usoni."

"Tumesikia, Mama. Tunauteremsha."

Akaita Hulesi, akasema yote tena, neno kwa neno. Hosea akainama, "Mama, waambie tu wateremshe. Inatosha." Mama Orpa akamwondoa kwa mkono kama anayefukuza nzi. "Ukiwaambia watu washushe kitu bila kuwaambia sababu, kesho watakipandisha. Si ndivyo mlivyotufanyia?" Kwa Werimo akasema yote. Kwa Tangeya akasema yote. Kila mara alipofika pale pa "mimi ndiye niliyeushona," sauti haikupungua wala kuongezeka, na ni Hosea aliyekuwa akifumba macho. Kupitia mlangoni alimwona Isai akienda kwenye miti ya uwanjani. Akaushika wa kwanza, akauyumbisha, hakuung'oa, akabaki ameuegemea.

Kadek akaja mlangoni kusema mawingu yameanza. Akasikia kinachosemwa, akarudi nyuma kimyakimya.

Sukubik hawakuitika. Naltalu waliitika na mlio wa injini nyuma ya sauti. "Mama, sema upesi, ndege imeshaingia bondeni, naiona!"

"Upepo unakupiga wapi?"

"Upepo? Mfuko umelala, Mama."

"Sikukuuliza mfuko! Tazama bondeni. Upepo unakupiga wapi?"

"Usoni. Tena mkali."

"Mwambie hivyo. Mwambie sasa hivi, mfuko ni mbovu, upepo uko nyuma yake."

Redio ikakoroma, ikanyamaza. Otniel alikuwa ameacha kutafuna. Hosea alijikuta ameshika ukingo wa mizani kwa mikono miwili. Halafu injini ikasikika tena, ikapanda, ikawa kubwa, ikaanza kupungua.

"Amegeuka, Mama," Naltalu akasema. "Amepanda juu, anazunguka. Anasema atasubiri upepo utulie, au arudi mjini."

"Teremsha mfuko."

"Nauteremsha."

Mama Orpa akaachia kitufe. Udongo wa msiba ulikuwa umemchirizika kwenye mashavu, na hakuupangusa. Akamtazama Hosea.

"Yule rubani wa mwanangu angekuwa ameambiwa upepo upo," akauliza, "angegeuka?"

Hosea angeweza kusema kwamba hajui. Angeweza kusema kila bonde na mambo yake, kila rubani na moyo wake. Ripoti zimejaa maneno ya namna hiyo, mengine ameyaandika yeye.

"Angegeuka, Mama."

Mama Orpa akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu. Kisha akaivuta redio karibu.

"Bado Sukubik," akasema.